Degedege na Malaria: Majina ya Maradhi katika Kamusi za Kiswahili

Katika kamusi za Kiswahili zilizokwisha kupigwa chapa ni shida kupata kundi la maneno lenye kugusa uhai wa watu kuliko majina ya maradhi. Tena ni shida kupata kundi lililoelezwa kwa haraka kuliko hilo. Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, miezi michache baada ya kufa kwake, aliyajua maneno hayo kwa uchungu. Alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka ule ule homa ilimwua mkewe, na mtoto wao mchanga naye hakupona. Baada yake alikuja Madan mwaka 1903, kisha Johnson na Sacleux mwaka 1939, na hatimaye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ambayo haikueleza maneno kwa Kiingereza wala kwa Kifaransa, bali kwa Kiswahili chenyewe. Kazi hizi zatofautiana sana kwa ukubwa na kwa nia. Lakini kwa habari ya maradhi desturi yao ni moja: neno la Kiswahili huwekwa upande mmoja, na upande wa pili huwekwa ugonjwa mmoja wa elimu ya hospitali, kana kwamba hayo mawili ni sarafu za thamani moja zinazoweza kubadilishwa dukani bila hasara.

Hasara iko. Elimu ya hospitali hutenga mambo matatu: dalili ambazo mgonjwa huziona au kuzieleza, chanzo kilichozileta, na ugonjwa wenyewe ambao daktari huutaja baada ya kupima. Jina la Kiswahili mara nyingi huyabeba yote matatu kwa pamoja, na pengine hubeba la nne, yaani dawa ifaayo na mtu apasaye kuitoa. Mwandishi wa kamusi achukuapo jina kama hilo na kulitolea maelezo ya dalili peke yake, amechukua ganda na kuacha kiini. Ikiwa neno lenyewe ni la ugonjwa usiodhuru sana, kosa hilo ni la kitaaluma tu na laweza kusubiri toleo la pili. Yako maneno ambayo hayawezi kusubiri.

Itafaa kuanza na yale ambayo madhara yake ni madogo, maana ndani yake kosa laonekana wazi zaidi. Neno *baridi yabisi* huelezwa katika kamusi kuwa ni maumivu ya viungo, na maelezo hayo si ya uwongo. Lakini mbona maumivu yaitwe baridi, na mbona baridi iitwe yabisi, yaani kavu? Jibu halipatikani katika viungo vya mwili. Lapatikana katika elimu ya tiba ya Wayunani, hasa ya Galen, iliyoandikwa upya na kupanuliwa kwa Kiarabu na wanazuoni kama Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, na iliyofika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na vitabu na waganga wa ng'ambo. Katika elimu hiyo mwili una rutuba nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi; na kila rutuba ina tabia mbili kati ya nne, yaani joto, baridi, unyevu na ukavu. Baridi na ukavu ndizo tabia za nyongo nyeusi. Hivyo *baridi yabisi* si jina la maumivu, ni jina la chanzo cha maumivu. Mzee wa Lamu au wa Unguja aambiwaye kuwa ana baridi yabisi hujua mara moja ajiepushe na vyakula gani, asioge maji ya namna gani, na ajikande kwa mafuta gani. Uchunguzi wa ugonjwa na matibabu yake vimo katika maneno mawili. Kamusi imevitoa vyote viwili ikabakiza goti linalouma.

*Safura* ni tajiri zaidi. Kwa asili ni neno la Kiarabu la nyongo ya manjano. Lilipoingia katika Kiswahili liliiacha nyongo na kushika rangi: likawa jina la hali ya mtu aliyepauka, aliyevimba uso na miguu, asiye na nguvu, na pengine mwenye tamaa ya kula udongo. Mwaka 1898 Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aliona kwamba viluwiluwi vya mnyoo fulani hupenya katika ngozi, akaonyesha njia ambayo mnyoo huo hutoka katika udongo hadi matumboni, ambamo hunyonya damu. Basi elimu ya afya ikalichukua neno *safura* na kulifanya jina la ugonjwa uletwao na mnyoo huo; na leo mtoto wa shule hufundishwa kuwa safura huingia kwa nyayo za mtu atembeaye bila viatu. Neno moja limepitia nadharia tatu za chanzo: nyongo, kupungua kwa damu, na mnyoo. Nadharia hizo hazikufukuzana. Yuko bado mtu asemaye *safura* akikusudia mwili uliopauka tu, bila kumfikiria mnyoo, na daktari aulizaye habari za safura aweza kujibiwa habari ya kitu kingine. Kamusi ambayo yataja mnyoo peke yake humfundisha msomaji maana iliyo mpya kabisa na kumnyima maana ambayo yamkini ndiyo aliyoisikia.

Si majina peke yake yabebayo chanzo. Sarufi nayo hubeba. Mgonjwa wa Kiswahili hasemi kwamba yeye ana maumivu, kama kwamba maumivu ni mali yake. Husema kichwa chamwuma, tumbo lamwendesha, homa imemshika, kizunguzungu kimemchukua. Kiungo au maradhi ndiyo yatendayo, na mtu ndiye atendwaye. Neno lililo la kawaida kuliko yote, *naumwa*, ni kauli ya kutendwa ya kitenzi *uma*, kile kile kitumikacho kwa mbwa na kwa nyoka. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huacha mahali pa mtenda, mahali patanguliwapo na kiungo *na*; na mahali pakiachwa wazi, akili hutafuta wa kupajaza. Mtu huumwa na kichwa. Tena aweza kuumwa na nini, au kwa tofauti ya irabu moja tu, na nani. Wachunguzi wa mila wameandika mengi juu ya maswali hayo mawili. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, alieleza kwamba mtu wa huko ajua vizuri kuwa ghala lilianguka kwa sababu mchwa walikula nguzo, ila bado hutaka kujua mbona lilianguka saa ile na juu ya watu wale. Hapana haja ya kwenda mpaka kwa Wazande. Katika Kiswahili maswali hayo hukaa kitanda kimoja, na mtu hulihama la kwanza akahamia la pili bila hata kubadili kitenzi. Ndiyo maana pwani na bara husikika tofauti kati ya ugonjwa wa Mungu, ambao humpata mtu kama mvua impatavyo msafiri, na ugonjwa wa kutumwa, ambao una mtu nyuma yake. Dalili za viwili hivyo zaweza kuwa zile zile. Kilichotofauti ni chanzo, na chanzo ndicho kiamuacho mgonjwa apelekwe wapi.

Hapo ndipo wingi wa vitenzi vya kuujua ugonjwa huonyesha maana yake. Kitabu cha kitaaluma husema *utambuzi wa ugonjwa*, au *kubaini ugonjwa*, na maneno hayo ni safi. Ila hayana mizizi katika chumba cha mgonjwa. Maneno yenye mizizi ni *kuagua*, *kutazamia*, *kupiga ramli*, *kupiga bao*. La kwanza lastahili kuangaliwa sana, kwa kuwa huchanganya kazi ambazo hospitali huzitenga: kuagua ni kufichua kilicholeta ugonjwa, na kuagua ni kuuondoa. Mwaguzi aliyekwisha kumtaja mtenda amekwisha kufika nusu ya dawa. Daktari kwa upande wake *hupima*. Kitenzi hiki ni cha sokoni na cha fundi cherehani, nacho kimeshinda maneno yote ya vitabu: mtu huenda kupima, hupimwa damu, hupata vipimo, husoma majibu. Kupima huleta kiasi, wala hakumtaji mtu. Ajabu ndogo ni kwamba kamusi hutoa kwa kirefu maana za *pima* za kitambaa na za kiwanja, na maana hii, ambayo pengine husemwa mara nyingi kuliko zote siku hizi, hupewa nafasi ya mgeni aliyechelewa karamu.

Sasa laja neno ambalo kwalo kosa la kamusi limekuwa kosa la uhai na mauti. *Degedege*, kwa maelezo ya kawaida ya kamusi, ni maradhi ya watoto wadogo ya kutetemeka na kukakamaa mwili. Maelezo hayo yatosha kwa mtahini wa shule. Kwa mama hayatoshi, maana kwake degedege ina chanzo. *Dege* ni ndege mkubwa, na kwa maneno ya watu wengi wa pwani maradhi haya huletwa na pepo mwenye umbo la ndege au la nondo wa usiku, ambaye kivuli chake au kupita kwake humdhuru mtoto. Kurudiwa kwa shina, *dege-dege*, huigiza mtikisiko wa mtoto na pia kupiga kwa mabawa. Dalili na chanzo vimefungwa katika sauti moja. Ni neno lililotungwa vizuri sana, na hiyo ndiyo hatari yake.

Mwaka 1996 zilitolewa habari za uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na Winch na wenzake, na nyingine na Makemba na wenzake, juu ya majina ya homa na juu ya matibabu ya degedege. Yaliyoonekana yapasa kusomwa na kila mtunga kamusi. Watu wa huko waliujua ugonjwa waliouita *homa* au *homa ya malaria*. Waliuhesabu kuwa ni wa kawaida, na wa dawa za dukani au za zahanati. *Degedege* kwao ilikuwa ugonjwa mwingine, si daraja ya juu ya ule wa kwanza. Haikutokana na mbu. Basi haikuwa kazi ya hospitali, angalau si mwanzoni. Mtoto alipoanza kutetemeka alipelekwa kwanza kwa mganga au kwa bibi ajuaye mambo hayo, akafukizwa moshi wa mavi ya tembo, au akapakwa mkojo, au akaogeshwa dawa za majani. Zaidi ya hayo, iliaminiwa kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mtu asiyeijua lugha aweza kusema kwamba hao ni akina mama waliopuuza watoto wao. Mambo yalikuwa kinyume: walikwenda mbio, walitoa fedha, walikesha, nao walifuata uchunguzi wa ugonjwa uliokuwa timamu kwa msingi wake. Msingi ulikuwa ndani ya neno.

Kwa elimu ya hospitali mtoto huyo aweza kuwa na mambo kadha wa kadha. Homa kali ya sababu yo yote yaweza kumtetemesha mtoto wa tangu miezi 6 hadi miaka 5, akatulia bila madhara. Malaria kali iliyofika katika ubongo humtetemesha vile vile, na hiyo humwua kwa muda mfupi asipopewa dawa. Uvimbe wa utando wa ubongo nao huleta hali hiyo, na hata kupungua kwa sukari katika damu. Kwa hiyo degedege si malaria, kwa kuwa yaweza kuwa mambo yasiyo malaria; wala si kitu kilicho nje ya malaria, kwa kuwa mara nyingi nchini mwetu ndiyo uso wa malaria iliyo mbaya kuliko zote.

Walimu wa afya walipoutambua mkasa huu walifanya jambo lililo la haki kwa nia na lenye upungufu kwa lugha: walitangaza kuwa degedege ni malaria. Yaani walitunga kamusi yao wenyewe, tena kwa kosa lile lile la sarafu mbili. Stacey Langwick, ambaye alichunguza kazi za waganga na za wauguzi kusini mwa Tanzania na kutoa makala yake mwaka 2007, ameonyesha kwamba tafsiri hiyo haikuwa kubadili jina tu. Ilikuwa kusema kwamba pepo hayupo, mganga hana kazi, na yale ambayo bibi aliyaona kwa macho yake hakuyaona. Tamko zito kama hilo haliwezi kubebwa na alama ya usawa. Mama aliyemwona mtoto wa jirani akipona baada ya kufukizwa, kwa kuwa mtetemeko wa homa mara nyingi hukoma wenyewe, ana ushahidi mkononi. Naye aambiwapo kuwa degedege ni malaria aweza kujibu kwa adabu kwamba basi ile ya mtoto wa jirani haikuwa malaria, bali degedege yenyewe.

Na wala si kweli kwamba kuleta kipimo humaliza maneno. Hausmann Muela na wenzake, waliochunguza Ifakara na kuandika mwaka 1998, walikuta watu wenye kuamini kabisa kuwa malaria huletwa na mbu na kuwa vimelea huonekana kwa hadubini; na watu hao hao walieleza kwamba mchawi aweza kuvificha vimelea visionekane, au aweza kumtia mtu ugonjwa wenye sura ya malaria ambao si malaria ya kweli. Hivyo kipimo kikitoka bila kuonyesha kitu, hakikanushi uchawi, bali huushuhudia. Elimu mpya haikuiondoa ya zamani. Iliingia ndani yake ikapewa chumba. Mchunguzi wa lugha hana haja ya kushangaa, kwa kuwa hivyo ndivyo *safura* ilivyofanya zamani.

Jambo hili limezidi uzito tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba kila mtu adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa katika nchi zenye malaria alipewa dawa ya malaria bila kipimo, na neno *malaria* katika mazungumzo ya kila siku likapanuka mpaka likachukua mahali pa *homa*: mtu aliyechoka, aliyeumwa na viungo, aliyehisi baridi, alisema ana malaria. Sasa mtu wa namna hiyo huambiwa baada ya kipimo kwamba hana malaria. Daktari amekusudia kusema kwamba chanzo hiki hakipo na kingine kitafutwe. Mgonjwa hurudi nyumbani na kusema, "Nimepima, hawakuona kitu." Kati ya sentensi ya daktari na ya mgonjwa kuna shimo, na wako waliotumbukia humo. Mahali pa mtenda pameachwa wazi, na swali la *nini* likikosa jibu, lile la *nani* hungoja mlangoni.

Wako watakaosema kuwa dawa ya haya ni kuyaondoa majina yenye mapepo na kuweka majina safi ya kitaalamu. Hoja hiyo haina nguvu, na neno la kuishinda ni *pepopunda*. Ndani yake yumo pepo, na juu ya pepo amepandishwa punda. Jina lo lote halingeweza kuwa mbali na maabara kuliko hilo. Hata hivyo ndilo jina rasmi la ugonjwa wa kukaza misuli uletwao na bakteria wa vidonda, na wanawake wajawazito huenda kuchanjwa chanjo ya pepopunda bila kumfikiria pepo hata kidogo. Neno *malaria* lenyewe, ambalo huchukuliwa kuwa mfano wa usafi wa kitaalamu, kwa Kiitalia ni hewa mbaya, nalo lilibeba nadharia ya mivuke ya vinamasi, mpaka Laveran alipoona kimelea katika damu mwaka 1880 nchini Algeria, na Ross alipokiona ndani ya mbu nchini India mwaka 1897. Nadharia ilikufa, jina likabaki, na hakuna aliyedhurika. Tofauti ya *pepopunda* na *degedege* basi haiko katika asili ya maneno. Iko katika hili: neno la kwanza lilifungamanishwa na tendo la hospitali, chanjo, kwa miaka mingi, na la pili lilibaki limefungamana na mganga, tena likiwa na katazo la sindano.

Majina mapya nayo yana matatizo yake. Ugonjwa uliotambuliwa Kagera mwaka 1983 uliitwa kwanza Juliana na watu wa huko, kwa jina la nguo iliyoletwa na wafanya biashara wa mpakani. Yaani uliitwa kwa njia uliyodhaniwa kuja nayo. Jina *UKIMWI*, lililoundwa kwa herufi na silabi za Upungufu wa Kinga Mwilini, halitaji dalili wala njia, bali hutaja kilichoharibika. Ni jina zuri la kitaalamu. Lakini kwa kuwa halikutaja chanzo, chanzo kilibaki kazi ya mabango na mahubiri, na kila mmoja akakijaza apendavyo. Hata neno *virusi* lenyewe lilipoingia, Waswahili waliliona la ngeli ya *ki-* na *vi-*, wakazaa umoja *kirusi*, ambao ni sawa kwa sarufi japo huwafanya Warusi kugeuka. Na *kubemenda* je? Mtoto anyonyaye akidhoofu, husemwa amebemendwa: mzazi amevunja mwiko wa kutolala na mtu, au ametoka nje ya ndoa, na joto la tendo limemdhuru mtoto. Neno hili ni hukumu. Mama aliye na mtoto wa namna hiyo humficha, kwa kuwa kumpeleka zahanati ni kujitangaza. Utapiamlo, neno la afya, halina hukumu ndani yake, lakini halijaweza kulisogeza *kubemenda*, maana hajibu swali ambalo jirani huuliza. Kwa upande wa pili, Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, mwaka 1935 alichukua neno la lugha ya Kiga la ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa titi kwa kuja kwa mdogo wake, akalitia katika elimu ya dunia: ndilo *kwashiorkor*, ambalo Kiswahili kimelifanya *kwashakoo*. Alilisikiliza neno la akina mama, akakuta kwamba chanzo walichokitaja kilikuwa njia ya kufikia chakula kilichopungua. Si kila jina la kienyeji liko mbali na ukweli. Mengine yako karibu nao kuliko yalivyo maelezo ya kamusi.

Lipasalo kutakiwa kwa watunga kamusi si kwamba wawe waganga au madaktari. Ni kwamba katika jina la maradhi waeleze kwanza dalili ambazo kwazo wasemaji hulitumia. Pili chanzo ambacho wasemaji hukitaja, bila kukicheka na bila kukithibitisha. Na tatu maradhi ya hospitali ambayo jina hilo laweza kuyafunika, yakiwa mengi yatajwe kuwa mengi. Kwa mfano huo *degedege* ingeelezwa hivi: hali ya mtoto mdogo ya kukakamaa, kugeuza macho na kutetemeka, hasa awapo na homa, wengi wa pwani huiona kuwa huletwa na pepo mwenye umbo la ndege au nondo, nao huitenga na malaria, kwa elimu ya hospitali hutokea kwa homa kali, kwa malaria ya ubongo, kwa uvimbe wa utando wa ubongo na kwa sababu nyingine, na yahitaji matibabu ya haraka. Maelezo hayo ni mistari mitano. Kamusi imetoa zaidi kwa sehemu za jahazi.

Atakayelalamika kwamba kamusi si kitabu cha tiba akumbuke ni nani waisomao. Mwandishi wa kijitabu cha afya huifungua anapotafuta jina. Mfasiri wa maelezo ya dawa huifungua. Mganga mkuu mgeni aliyepelekwa wilayani huifungua usiku ule wa kwanza. Kosa lililoko humo hutoka pamoja nao na kwenda hadi kwenye ukuta wa zahanati, ambapo hupakwa rangi.

Kazi yenyewe haina budi kuanzia kwa wauguzi na wakunga, ambao husikia maneno haya yakisemwa na watu walio katika shida, wala si katika mahojiano. Na neno moja lafaa lichukuliwe mapema, kwa kuwa ni gumu kuliko *degedege*: *chango*. Kamusi hulipa maana ya utumbo na ya mnyoo. Mwanamke akisema ana chango aweza kukusudia maumivu ya siku zake, au mimba zisizokaa, au kutoshika mimba kabisa, au kitu kitembeacho tumboni alichorithi kwa mama yake. Naye muuguzi aliyesoma kamusi humpa dawa ya minyoo.